Saa Tatu ya Nani

Programu ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi:
kijani ya shule, nyekundu ya bili,
zambarau sikumbuki ilikuwa ya nini.
Jumapili nzima nilishinda nikiipaka wiki rangi,
Jumatatu nikasahau kuitazama.

Ya pili ilikuwa na pongezi.
Nikinunua maziwa, kioo kinamwaga maua
kama nimeolewa upya.
Nikiiacha siku mbili, inanuna.
Wa kuninunia ninao wa kutosha. Nikaifuta.

Ya tatu ilitaka paundi sita kwa mwezi.
Kombo akaniandikia kutoka kwenye mtambo wa mafuta,
huko Bahari ya Kaskazini, ambako mtandao
huja na kuondoka kama fundi bomba:
"Paundi sita? Nunua daftari."

Ya nne ndiyo hii inayosikia.
Mikono ikiwa na unga, unasema tu.
Nikaiambia, "Nikumbushe kesho saa tatu,
daktari wa meno, Nasra."
Ikanijibu kwa adabu zote:
"Sawa. Nimekuwekea saa tatu."

Ikalia saa tisa usiku.
Nikaamka nikavaa koti, nikamvalisha mtoto,
sikuangalia saa. Mtu aliyelipia utulivu
haangalii saa.
Mlangoni theluji inaanguka chini ya taa ya barabara,
hakuna basi, hakuna hata mbwa,
na Nasra amesimama na mswaki mkononi
ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Saa tatu yetu ilipofika tulikuwa tumelala fofofo.
Bi Eilidh wa mapokezi akatafuta, akatafuta,
akapata nafasi nyingine: Machi.

"Simu haina kosa," nikamwambia Nasra.
"Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza.
Likitoka, likasogea kidogo, hiyo saa moja.
Tatu ni pale umande umekauka."
Akageukia dirisha. Saa mbili na nusu asubuhi,
Aberdeen yote nyeusi kama sufuria ya chini.
"Jua lipi, mama?"

Sikuwa na la kusema.
Desemba huku jua huamka saa tatu kasorobo,
linajikokota juu ya mapaa ya mawe ya kijivu,
na saa tisa na nusu limeshafunga duka.
Kumbe nami nimeivaa saa
iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Jumamosi tukanunua ubao mweupe, wa mitumba,
dukani kwa wafadhili, paundi moja na nusu.
Umeandikwa na mwenyewe wa zamani
neno ambalo hata spiriti haikulitoa:
*Hamish*, na mshale hadi Alhamisi.
Hatujui ni paka au ni mume.
Tumemwacha. Kila Alhamisi tunamkumbuka
kwa niaba ya aliyemsahau.

Nasra ndiye mwandishi. Hataki namba.
Anaandika *giza la kwanza: uji.*
*Giza la pili: mama anarudi kutoka dobi la hospitali.*
*Baba: helikopta, upepo ukikubali.*
Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo:
*Meno, jua likisharudi.*

Ile programu ya nne bado ninayo.
Ule ukumbusho niliuambia urudi kila siku,
kwa hasira au kwa kukosea kidole,
na sijautafutia pa kuuzimia.
Saa tisa usiku unalia: *daktari wa meno, Nasra.*
Saa hiyo Kombo, akiwa zamu ya usiku,
yuko kwenye chai yake ya dakika kumi na tano.
Nashuka jikoni kwa soksi, nampigia.
Mtandao ukiwa na huruma, anapokea,
upepo unavuma nyuma yake kama lori,
ananiuliza watoto wa jirani, bili ya gesi, mguu wangu.

Halafu, kabla haijakatika:
"Lile daftari, ulinunua?"